Kofia ya Mchana

Siku Nyemo alipokuwa anazama, watu walimpigia vigelegele.

Ilikuwa Jumapili ya ubatizo. Kanisa zima lilikuwa limeteremka kwenye lambo la ng'ombe, maana katika mji wa Itumbika hayo ndiyo yalikuwa maji pekee ambayo mtu angeweza kuyaingia bila mita ya mtaa kupiga ving'ora. Mvua ilikuwa imeshakuwa habari ya wazee. Watu walikunywa umande uliokusanywa na mapaa ya nyumba, wakajifuta mwili kwa kitambaa kilicholowekwa, na maji mengi, maji ya kufunika kichwa, yalibaki kuwa ya ng'ombe na ya Mungu.

Mchungaji alisimama ndani mpaka kiunoni, joho lake limevimba kama puto. Wabatizwa walipanga foleni ukingoni wakitetemeka. Foibe, mama yake Nyemo, alikuwa nyuma kabisa ya umati, ameshika viatu vya binti yake mkononi. Huko nyuma ndiko alikopenda kukaa, mahali pa kuona jambo kabla halijaharibika.

"Nyemo, usisogee."

"Sisogei, Mama."

"Pana tope hapo."

"Naliona tope, Mama. Nina macho."

Nyemo alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa akachelewa kulia, na tangu hapo mambo yake yote yalikuja kwa kuchelewa: kukaa, kutembea, kusema. Mengine hayakuja kabisa. Mguu wa kushoto aliuburuta. Lakini alikuwa mtu mzima, mwenye vicheko vyake na chuki zake, na Halmashauri ya Mji ilimtambua hivyo. Asubuhi gari la Kituo cha Malezi na Burudani lilikuja kumchukua, jioni likamrudisha, na kila Alhamisi alirudi akisimulia walivyoogelea.

Na alijua kusimulia! Jinsi maji yalivyokuwa ya buluu. Jinsi unavyogeuza uso pembeni kuvuta pumzi. Jinsi alivyompita Mzee Masagasi, mzee mwenye kiharusi, mpaka mzee akasema wewe binti una mapezi. Foibe, ambaye hakuwahi kuingia maji yaliyopita magoti, alimsikiliza moyo ukimdunda kwa hofu na kwa fahari. Kisha alitoka nje kuwatambia majirani. "Wangu anaogelea. Nyie wenu wenye akili timamu wanajua nini, kukodolea vioo?"

Basi pale lamboni, Mchungaji alipomaliza foleni, akainua mikono na kuita kama ilivyo desturi: "Nani mwingine? Maji yapo! Nani anazuiliwa?"

Nyemo akaingia.

Aliingia na gauni lake, akiburuta mguu, anatabasamu. Mama mmoja wa kwaya akapiga kelele, "Mwacheni! Roho amemgusa!" Vigelegele vikapasuka. Watu walikuwa wamemwombea yule binti miaka mingi, na sasa walimwona anakwenda mwenyewe, nani angemzuia? Akampita Mchungaji. Wimbo ukapanda. Akageuka, akampungia mama yake mkono, kisha akajitupa mbele kwa mikono miwili, vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa.

Akaenda chini kama jiwe la kusagia.

Foibe alipiga yowe, na yowe lake likamezwa na vigelegele. Alisukuma watu, watu wakamshika mabega wakamwambia, "Lia, mama, lia, ni machozi ya furaha." Alimng'ata mmoja mkono. Mpaka Mchungaji alipoona kitambaa cha kichwa kinaelea peke yake ndipo naye akazama na joho lake, na walipoibuka, Nyemo alikuwa wa kijivu.

Walimlaza kifudifudi kwenye tope. Akatapika maji, akakohoa, akafumbua macho. Neno lake la kwanza hakuna aliyelielewa isipokuwa mama yake.

"Maji haya mabovu," alisema Nyemo. "Hayabebi."

* * *

Kesho yake Foibe alikwenda Kituoni kwa miguu, hakungoja gari. Alimkuta kijana anayehusika na burudani, jina lake Chidawali, anafuta vumbi kwenye dirisha la ofisi.

"Mbukwa, mama," alimsalimu. "Karibu ukae."

"Sikai. Mwanangu amezama jana. Niambie mlimfundisha kuogelea kwa namna gani."

Kijana aliacha kufuta. Uso wake ulibadilika, na Foibe aliona wazi kwamba hakushangaa. Aliogopa tu, kama mtu aliyekuwa anangoja habari hiyo siku yoyote.

"Yu hai?"

"Angekufa ningekuja na kitenge hiki cha njano? Nijibu."

Chidawali alitazama korido, akamwambia kwa sauti ya chini, "Njoo uone, mama. Ila tembea taratibu. Wamelala."

Ilikuwa saa ya mapumziko baada ya chakula. Katika ukumbi mrefu, walelewa wa Kituo walikuwa wamelala kwenye mikeka safi, wazee na vijana, kila mmoja amevaa kofia laini ya kijivu iliyofunika masikio. Foibe aliijua kofia ile. Nyemo aliiita kofia ya mchana, na Foibe alidhani ni ya kuzuia kelele. Kisha akaona miguu. Miguu yote ilikuwa inacheza kidogo kidogo, juu chini, juu chini, vidole vimenyooshwa. Mzee Masagasi, ambaye upande wake wa kulia ulikufa zamani, alikuwa anageuza uso pembeni na kuvuta pumzi.

"Leo si Alhamisi," Foibe alinong'ona.

"Hawa ni wa Jumatatu. Baadhi huogelea siku zote mbili."

"Wanaota?"

"Ndoto mtu akiamka inayeyuka. Hii inabaki. Tunaipanda pale pale ambapo mambo yaliyotokea kweli yanakaa, na mwili wenyewe hauna namna ya kujua kipi kilitokea na kipi kilipandwa. Akiamka, ameogelea."

"Lakini hajaogelea."

 Chidawali alimpeleka nyuma ya jengo, kwenye mlango wa bati wenye kufuli lililoshika kutu, akamwonyesha kwa kidole tu. Huko ndani kulikuwa na bwawa lililojengwa enzi za mvua.

"Kulijaza ni maji ya mtaa mzima ya msimu mzima, mama. Na sheria inasema kila mlelewa ana haki ya burudani, na kuogelea kumetajwa humo kwa jina. Hakuna diwani mwenye ubavu wa kusimama akasema kuogelea kufutwe."

"Na Kamati ikija kukagua?"

"Inawauliza wenyewe. Wanasema tumeogelea. Na hawadanganyi, mama. Wewe umewahi kumwona Nyemo anadanganya?"

Hapo Foibe alikaa chini, kwenye ardhi. Maana sheria ile ya kuwauliza wenyewe aliipigania yeye. Zamani, wakaguzi walipokuja, walisoma ripoti kwamba walelewa wamekula nyama, na huku walelewa hao mbavu zinaonekana. Nyemo aliposema ana njaa, mkaguzi alitabasamu akamwambia Foibe, "Hawa huwa hawakumbuki." Basi wazazi waliandamana mpaka Halmashauri, jua linawaka, na wakashinda. Tangu siku hiyo, neno la mlelewa lilitangulia karatasi zote. Ilifika hata ikawa ni aibu kubwa kwa mjumbe wa Kamati kwenda kuchungulia jambo ambalo mlelewa ameshalisema. Kuchungulia ni kumwita mwongo.

"Itoe," alisema. "Hiyo kumbukumbu. Ing'oe kichwani mwake."

"Haing'oki. Ikishaota imeota. Tunachoweza ni kupanda nyingine juu yake." Alichutama mbele yake. "Mama, kesho ataenda tena lamboni. Unalijua hilo?"

Alilijua. Asubuhi ile ile alimkuta Nyemo mlangoni na taulo begani, ikabidi amwache kwa jirani. Lambo lilionekana kutoka kizingitini pao. Na Foibe alikuwa na kazi ya kusafisha mapaa ya watu; nani angemlinda kila siku? Kabla ya Kituo alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli. Akirudi jioni alikuta ubao wa mlango umechimbwa kwa kucha. Siku aliyotupa lile kufuli chooni aliapa mbele ya Mungu kwamba hatamfungia tena.

"Panda hofu," alisema.

Chidawali alishusha macho. "Nilijua utasema hivyo. Inawezekana. Tunampandia siku ambayo alizama hapa bwawani. Hatakaribia maji tena maisha yake yote. Lakini kumbukumbu haishiki bila uso, mama. Ya kuogelea ilishika kwa uso wa mwalimu wake. Ya hofu ni nzito zaidi, inataka uso anaoupenda kuliko nyuso zote."

"Wangu."

"Wako."

"Basi niweke mimi. Niweke ninaruka, namtoa."

"Hapana." Kijana alilisema neno lile kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyomwogopesha Foibe. "Akikumbuka kwamba ulikuja, hataogopa. Atajua kwamba akizama, Mama anakuja. Ili hofu ishike, inabidi uwe umesimama ukingoni. Unamwangalia. Na huji."

Ndani, kengele ya kuamka ililia. Walisikia walelewa wanaamka wanacheka, wanaulizana nani alishinda.

"Na nikitangaza? Nikaenda sokoni nikawaambia watu mnachofanya?"

"Kituo kitafungwa. Nyemo atarudi nyumbani, na bado anajua kuogelea."

Foibe aliufikiria ule mlango uliochimbwa kwa kucha. Akalifikiria tope la lambo, na kitambaa kinachoelea peke yake. Wazazi wenzangu, mtu anaweza kukaa mahali pake pazuri akasema mimi ningefanya hivi, ningefanya vile. Yeye alikuwa amekaa chini, nyuma ya jengo, na wenzake Nyemo wanacheka upande wa pili wa ukuta.

Alitoa kidole gumba chake, akakibonyeza kwenye kioo alichoshikiwa, ndiyo sahihi yake. Chidawali akamwomba asimame ukutani, atazame mbele, asitabasamu. Kifaa kikamzunguka kikimchukua uso, kimo, na kitenge chake cha njano.

* * *

Kazi yao ilifanikiwa.

Nyemo hakwenda tena lamboni. Hata njia ya kupita huko hakuitaka. Aliacha kujifuta kwa kitambaa chenye maji. Alijipangusa kwa kikavu, mpaka ngozi ikamwia nyeupe. Chai aliinywa kwa kijiko. Lakini hayo Foibe aliyategemea. Kilichomkata maini ni kingine. Jioni, alipoketi na kichana na nyuzi kama kawaida yao, akapiga paja lake, "Njoo nikusuke," Nyemo alikaa kwenye kona yake na kichwa chake kilichofumka.

"Nyemo. Kichwa hicho kitaliwa na chawa."

"Kiliwe."

"Mama kakukosea nini?"

"Unajua."

"Sijui, mwanangu. Niambie."

Nyemo alimwangalia, na yalikuwa macho ya mtu mzima anayemtazama mtu mzima mwenzake. "Nilikuita. Nikakuita tena. Ulikuwa na kitenge cha njano."

"Haikutokea," Foibe alisema. Aliapa. Alipiga magoti. "Mwanangu, sikiliza, haikutokea, ni ile kofia, walikutia kichwani, sikuwapo mimi!"

"Nilikuona," alisema Nyemo, na akahamishia mkeka wake jikoni.

Usiku na mchana Foibe alikuwa anajiuliza swali moja: yu hai, au nimempoteza? Kwa sababu alikuwa hai. Alikuwa anapumua kule jikoni, mkavu, salama, na hakumwita tena Mama. Alimwita "wewe".

* * *

Baraza la Kusikiliza lilifanyika Kituoni, ukumbini, mikeka imekunjwa na viti vimepangwa nusu duara. Kamati ya Halmashauri ya Malezi ya Watu Wazima na Burudani ilikaa mbele. Mwenyekiti wake alikuwa diwani, Mheshimiwa Yudita Msanjila, mama mnene mwenye miwani, mtu mwema, ambaye alikuwa ameandamana bega kwa bega na Foibe ile siku ya jua kali. Wazazi na walezi walikaa nyuma. Hawakuruhusiwa kusema mpaka walelewa wamalize. Chidawali alisimama karibu na dirisha, shati limemganda mgongoni.

"Mzee Masagasi, shikamoo," alianza Mwenyekiti. "Unaendeleaje na Kituo chetu?"

"Marahaba. Naendelea vizuri. Chakula kizuri, chumvi ndiyo kidogo." Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. "Ila nina ombi. Sisi waogeleaji tumechoka kuogelea humu ndani kama samaki wa kopo. Sikukuu ijayo tupelekeni lamboni, watu watuone. Kule mtaani wanadhani sisi ni magogo."

Ukumbi ukacheka. Walelewa wakapiga makofi, wanaoweza wakagonga sakafu kwa miguu.

"Na Mheshimiwa nawe uje," aliongeza mzee. "Nitakupa mita kumi na bado nikupite."

"Mita kumi kwa unene huu, mzee wangu? Niongeze!" Mwenyekiti alifuta macho kwa kucheka. "Kamati mnaonaje? Ndilo wazo zuri kuliko yote nililosikia mwaka huu. Liandikwe. Limepita."

Foibe alinyanyuka nusu kwenye kiti. Alimtazama Chidawali. Chidawali alitazama nje.

"Sasa Nyemo. Mwanangu, hujambo? Umekonda. Unaendeleaje?"

Nyemo alisimama. Alisimama wima, akishika kiti. "Mimi siendi lamboni."

"Kwa nini, binti?"

"Nilizama. Hapa bwawani. Huyu alikuwepo." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Alisimama. Nilimwita. Hakuja."

Kicheko chote kikakauka. Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti alivua miwani, na Foibe akaona rafiki yake wa zamani anajaribu kutokuwa rafiki yake.

"Una hakika, Nyemo? Ni mama yako?"

"Ndiye. Nilimwona."

"Sheria tunaijua sote hapa," Mwenyekiti alisema taratibu, sauti imemwia nzito. "Wengine tulichomwa na jua kwa ajili yake. Neno la mlelewa ndilo neno. Kama nyumbani si salama, Halmashauri ina bweni lake, na Nyemo ataanza kulala huko leo. Mama Nyemo, simama. Una la kusema?"

Akasimama. 

Alikuwa na maneno mawili mdomoni, na lolote kati ya hayo lingemuua mtu. Akisema ni kweli, nilisimama, Nyemo ataondoka leo akiwa ameaminiwa, na sikukuu ikija Mzee Masagasi na wenzake wote wataingia lamboni wakicheka, na watu watawapigia vigelegele. Akisema ni uongo, amepandiwa, wote hawa wamepandiwa, basi kesho asubuhi hakuna mlelewa wa Itumbika atakayeaminiwa tena akisema ana njaa. Akisema amepigwa. Akisema mlezi huyu ananishika usiku. Wataambiwa, hawa huwa hawakumbuki. Na wa kwanza kuwaambia hivyo angekuwa yeye, mama mtu, mbele ya mwanawe.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba mlango wa bwawa ufunguliwe."

Ukumbi ukavuma. Mjumbe mmoja akasimama. "Huko ni kuchungulia! Mlelewa ameshasema!"

"Simwiti mtu mwongo. Mimi mwanangu namwamini. Naomba mlango tu."

"Mama Nyemo," Mwenyekiti alisema, "wewe wa kuomba hivyo? Wewe?"

"Mimi, Yudita."

 Kisha Chidawali akatoka dirishani, mweupe wa uso kama aliyemwagiwa majivu, akapita katikati ya viti vyote na kushika njia ya nyuma, akiwa na nyundo ya mlinzi mkononi. Walimsikia akipiga lile kufuli. Lilikatika kirahisi, kutu yote ile.

Wakaenda. Wenye magurudumu walisukumwa, wenye fimbo walijikongoja, Kamati nzima nyuma yao ikisita kama watu wanaoingia msibani. Mwanga wa mchana uliingia mlangoni ukaangukia shimo kubwa la vigae vya buluu, vimepasuka, vumbi limejaa pembeni kama unga. Viti vibovu vilirundikwa kwenye kina kirefu. Ngazi ya chuma ilishuka kwenye ukavu mtupu.

 Mzee Masagasi alilitazama lile shimo, akaitazama Kamati, akakunja uso kwa hasira ya mwenye nyumba aliyekuta fujo.

"Wameyamwaga leo," alisema. "Kwa nini mmeyamwaga? Jana yalikuwepo."

"Yalikuwepo," wenzake wakaitikia.

Mwenyekiti alishika mdomo. Foibe alimwona anaelewa. Kila neno alilolifikiria lilikuwa lile lile la wakaguzi wa zamani.

Nyemo alikuwa amebaki mlangoni. Ameng'ang'ania fremu kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anatweta. Hakuona vumbi. Aliona mahali alipofia.

Foibe hakupanga alichokifanya. Alikwenda kwenye ngazi, akaipa mgongo, akaanza kushuka.

"Mama Nyemo, utaanguka!" mtu alisema.

Alishuka. Alifika chini, akasogea mpaka katikati ya shimo, mahali ambapo mwanawe alimwita na hakwenda. Vumbi lilimfunika miguu. Akasimama hapo.

"Toka!" Ilikuwa sauti ya Nyemo. "Wewe! Toka humo!"

Foibe hakutoka.

"Toka, utazama! Mtoeni! Mbona mnaangalia tu? Mtoeni!" Nyemo aliwageukia watu wa ukingoni, mmoja mmoja, madiwani na wazazi, na wote walikuwa wamesimama, kwa sababu hawakuona cha kuokoa. Akawatazama kwa mshangao mkubwa wa uchungu. Kisha akaachia fremu.

Alikuja akilia kwa sauti, mguu unaburuzika. Ngazini alishuka kwa makalio, chuma kwa chuma, na kwenye ngazi ya mwisho alifumba macho, akavuta pumzi nyingi mashavu yakajaa, akajiachia.

Vumbi likatimka mpaka magotini mwake. Nyemo akanyoosha mkono mmoja mbele, akaukata, akaurudisha, akageuza uso pembeni kuvuta pumzi, akaukata tena, anasonga mbele katika hewa ile kavu kama alivyofundishwa. Mkono ulikuwa mzuri. Kila mtu aliyekuwa pale juu aliuona kwamba ni mkono wa mtu anayejua.

Alimfikia. Akampitishia mama yake mkono kifuani, kwa nguvu, akambana.

"Nimekushika, Mama," alisema, mdomo ukiwa juu juu kama wa mtu anayeogopa kumeza. "Usinivute chini. Piga mkono. Piga mkono na wewe!"

 Foibe aliyatazama yale macho yaliyo karibu na yake, akaona kwamba mwanawe alikuwa anaogopa kufa na amekuja hivyo hivyo. Akavuta pumzi, akageuza uso pembeni. Akanyoosha mkono wake, akaanza kupiga.